Baba alitaja samaki sita tu: tuzungumze kuhusu mishipa midogo ya ubongo

#1 Ngarawa Mbili (Mikindani)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, ataukuta.

Baba yangu ana miaka 71. Alivua mpaka mgongo ulipogoma, akahamia kwenye ng'onda. Ananunua samaki pwani, anawapasua, anawatia chumvi, anawaanika, kisha anawapandisha Newala na Tandahimba. Hesabu zote ziko kichwani. Hajawahi kuwa na daftari la madeni, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba kadhulumiwa hata shilingi.

Kama miaka miwili iliyopita akaanza kupungua. Sikusema kuumwa, nimesema kupungua. Ukimwamkia, shikamoo yako inaning'inia hewani kabla marahaba haijafika. Akirudi kutoka msikitini unamsikia kabla hujamwona, ndala zinaburuzika barazani shwaa, shwaa, hatua fupi fupi, kama mtu anayetembea juu ya gundi. Haja ndogo ikimshika hawezi kungoja. Jambo la kukasirisha halimkasirishi, la kuchekesha halimchekeshi. Anakaa tu.

Mama akasema kanuna. Shangazi akasema kuna mtu huko juu kamtupia zongo kwa sababu ya biashara. Mimi msomi wa familia nikasema ni uzee. Na mimi ndiye niliyekosea kuliko wote, maana zongo lingetutoa nyumbani kutafuta tiba. Uzee ulituketisha.

Msimu wa korosho uliopita, asubuhi, anapasua samaki, kisu kikamdondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Mkono wa kulia umelegea na maneno yanatoka mazito. Tukampeleka mjini, akapigwa picha ya CT, akalazwa. Baada ya siku chache mkono ukarudi kiasi cha kushika kikombe.

Sasa sikilizeni hili. Daktari, kijana wa makamo, alipojua mzee alikuwa mvuvi akamwambia, "Baba, nina dakika moja kwenye saa yangu. Nitajie samaki wote unaowajua." Mzee akaanza: changu, tasi, kolekole. Kimya. Nguru. Kimya kirefu. Pono. Akatazama dirishani. Taa. Dakika ikaisha.

Sita. Mtu aliyelala baharini miaka arobaini.

Nilitoka pale nimeinama. Tukapanda bajaji. Tumeshaacha nyumba za mjini nyuma, upepo unatupiga, mzee akasema peke yake, "Chewa." Nikadhani anataka kununua. Akasema, "Kibua. Jodari." Halafu mkizi, kangu, mkundaji, kelea, songoro. Mpaka tunafika nyumbani nilikuwa nimehesabu kumi na tisa.

Samaki wote wamo ndani. Njia ya kuwatoa ndiyo mbovu. Daktari alisema mishipa midogo ya damu iliyo ndani kabisa ya ubongo imechoka, na kwenye karatasi ya majibu kulikuwa na mstari mmoja na nusu wa Kiingereza, small vessel disease na kadhalika, uliosema hivyo hivyo. Tangu hapo nasoma kila ninachokipata. Nitaandika nilichokielewa, wataalamu mnisahihishe.

#2 Kiti cha Dirishani

Naweka kambi hapa. Pole kwa mzee.

#3 Bint Nanguruwe

Umenitoa machozi na huyo chewa. Bibi yangu alikuwa hivi hivi, ndala na kila kitu. Tulimwita mvivu mpaka tukamzika. Endelea kaka.

#4 Zamu ya Usiku (tabibu, Lindi)

Niongezee nyama kidogo kabla mwenye uzi hajaendelea.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kwa hiyo umejaa mishipa. Inakadiriwa kwamba mishipa ya ubongo wa mtu mmoja ukiiunganisha inapita kilomita 600. Hiyo ni Mtwara mpaka Dar na chenji inabaki. Sehemu kubwa ya urefu huo ni vijishipa vyembamba mno.

Ile mishipa mikubwa ya shingoni na chini ya ubongo ndiyo lami. Kutoka kwenye lami zinachepuka njia nyembamba, nyingine hazifiki hata nusu ya milimita, zinazama moja kwa moja kwenda kulisha katikati ya ubongo. Zinachepuka ghafla kutoka kwenye mshipa mkubwa wenye nguvu, kwa hiyo presha ya juu inazigonga karibu kwa ukali ule ule wa mshipa mkubwa. Ukuta unakakamaa, unanenepa, tundu linabana. Nyingine zinaziba, nyingine zinapasuka. Na njia hizi kwa kawaida hazina mchepuko. Ukikata barabara ya kijiji kimoja, kijiji hicho hakina njia nyingine.

Katikati ya ubongo, zile sehemu nyeupe, ndiko zinakopita nyaya zinazounganisha sehemu za kufikiri na sehemu za kutenda. Zikikosa damu kidogo kidogo, mtu hapotezi kumbukumbu kwanza. Anapoteza kasi. Anachelewa kujibu, anachelewa kuanza hatua, hamu ya mambo inashuka, mkojo unakuwa wa haraka. Alichokiandika mwenye uzi kuhusu baba yake kingeweza kuwekwa darasani.

Na ndiyo maana alipewa dakika moja. Ukimuuliza mgonjwa wa aina hii jina la mwanawe anakujibu vizuri, unaandika "yuko sawa" unamrudisha nyumbani. Mpe saa, ndipo utaona.

#5 Mtu Mzima Ovyo

Hayo magonjwa mapya mapya ya simu na mitandao. Zamani wazee wetu walikufa na akili zao. Hata hilo jina lenyewe halina Kiswahili.

#6 Ngarawa Mbili

Mkuu, nilidhani hivyo pia. Kumbe ugonjwa huu umeanza kuandikwa kabla ya reli kufika Kigoma.

Wafaransa waliona vijishimo kwenye ubongo wa marehemu tangu miaka ya 1830 na 1840, wakaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya vidimbwi. Mwaka 1894 Otto Binswanger, aliyekuwa akifundisha Jena, Ujerumani, akaeleza wagonjwa waliopungua akili taratibu huku sehemu nyeupe ya ubongo ikiwa imesinyaa. Mwaka 1901 Pierre Marie wa Paris akaandika juu ya wazee wenye vidimbwi vingi, na katika maelezo yake wamo watu wanaotembea kwa hatua ndogo ndogo. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikasikiliza ndala za mzee barazani. Miaka zaidi ya mia, hatua ni zile zile.

Halafu kuna mtu nimempenda, C. Miller Fisher, Mkanada aliyefanya kazi Boston. Miaka ya 1950 na 1960 alikuwa anachukua ubongo wa marehemu, anaukata vipande vyembamba mfululizo, anafuata kijishipa kimoja kwenye hadubini kipande kwa kipande mpaka afike kilipozibia. Ni kazi ya mtu anayefumua wavu fundo kwa fundo. Yeye ndiye aliyeunganisha kidimbwi fulani na dalili fulani, kwamba kidimbwi hapa ni mkono na mguu kulegea tu bila kingine, kidimbwi pale ni ganzi tupu.

Zilipokuja mashine za kupiga picha ndani ya kichwa, CT na baadaye MRI, wakaanza kuona mabadiliko haya kwa watu walio hai, wengine hawana habari kabisa kwamba wanayo. Mwaka 1987 Vladimir Hachinski na wenzake wakayapa jina la Kigiriki lenye maana ya weupe uliopungua. Kwa hiyo jina la Kiswahili litakuja tu. Mimi naita uchakavu wa mishipa midogo.

#7 Chumba cha Giza (mpiga picha wa hospitali)

Neno moja kutoka kwenye mashine. Watu wanachanganya. Kwenye CT uchakavu huu unaonekana kama ukungu mweusi pembeni ya vyumba vya maji vya katikati ya ubongo. Kwenye MRI ni kinyume, unang'aa mweupe kama tui lililomwagika. Ugonjwa ni ule ule. Nimeshaona ndugu wa mgonjwa wakigombana na daktari kwamba karatasi mbili zinapingana.

CT haioni vitu vingi. Vitone vya damu iliyovuja zamani, kwa mfano, unavikuta kwenye MRI tu. Kabla ya 2013 kila hospitali duniani ilikuwa inaita alama hizi kwa jina lake, tafiti zikawa hazilinganishiki. Mwaka huo watafiti wa nchi nyingi wakakaa wakakubaliana majina na vipimo, wakayarekebisha tena 2023. Kidimbwi sasa kina kipimo, milimita 3 hadi 15. Kinaonekana kitu kidogo, lakini bila hapo hakuna utafiti.

Kuona alama mbili tatu kwa mtu wa miaka 75 siyo hukumu ya kifo. Wazee wengi wanazo. Tunaangalia wingi wake, na mtu mwenyewe akoje.

#8 Korosho Gredi Wani

Kwa hiyo CT ya mzee imeshaonyesha, bado mnamtaka akafanye MRI Dar? Nauli, kulala, na mtu wa kumsindikiza. Mnada wenyewe mwaka huu mnaujua.

#9 Zamu ya Usiku

Hapana, mkuu. Kwa hali ya huyu mzee sioni MRI itabadilisha nini kwenye dawa zake. Ingekuwa kijana wa miaka 40 mwenye kipandauso kikali na kiharusi, na baba yake alikuwa hivyo, hapo ningehangaika. Uko uchakavu wa kurithi, Wafaransa waliugundua kwenye familia moja moja, na mwaka 1996 wakaupata msimbo wake kwenye jeni inayoitwa NOTCH3. Wanne kati yao walipewa tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo mwaka 2019. Lakini huo ni nadra. Wetu wa barazani ni wa presha.

#10 Tabasamu la Mama

Samahani naingilia. Mimi natoa virutubisho asilia vinavyosafisha na kuzibua mishipa ya ubongo ndani ya siku 30. Ushuhuda upo. Njoo inbox.

#11 Bint Nanguruwe

Dada, kijishipa chembamba kama unywele umekizibuaje na unga wa kwenye kopo? Tuonyeshe picha ya kabla na ya baada. Tunangoja.

#12 Kiti cha Dirishani

Bado tunangoja.

#13 Ngarawa Mbili

Tumwache. Ila swali lake ndilo lililonikosesha usingizi: kuna dawa? Mimi nilikuwa tayari kuuza shamba la mikorosho la kule Nanyamba kama ipo.

Nilichokikuta ni hiki. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuyeyusha damu. Aspirini nyingi, basi. Marekani na nchi nyingine walifanya jaribio kubwa, watu 3,020 waliowahi kupata kiharusi cha vidimbwi, nusu wakapewa aspirini peke yake, nusu aspirini na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa pamoja kwa muda mrefu. Majibu ya 2012 yakasema dawa mbili hazikuzuia kiharusi zaidi ya moja. Zilichoongeza ni kuvuja damu, na vifo vikawa vingi zaidi. Nilikuwa nimeshamnunulia mzee kopo la pili dukani kwa ushauri wa rafiki. Nikalirudisha, muuzaji akakataa kunirudishia hela, haidhuru.

Kuna Joanna Wardlaw na wenzake, yeye yuko Edinburgh, Uskoti. Wao wanasema tatizo siyo kuziba tu, ukuta wa ndani wa mshipa umekuwa kama mtungi unaovuja jasho, na mshipa haupanuki tena damu inapohitajika. Wakachukua dawa mbili za zamani na za bei ya kawaida, isosobaidi mononitreti ya maumivu ya kifua na silostazoli ya mishipa ya miguu, wakazijaribu kwa watu 363 Uingereza kwa mwaka mmoja. Majibu yalitoka 2023. Watu walizimeza bila shida kubwa na kulikuwa na dalili nzuri kwa wale waliopata zote mbili. Lakini wenyewe wameandika wazi kwamba jaribio lilikuwa dogo, lengo lilikuwa kuona kama inawezekana, kubwa linahitajika. Nimewaheshimu kwa hilo. Wangekuwa wauzaji wa makopo wangeshafungua tawi Mtwara.

#14 Kipara wa Newala

Kwa hiyo kwa kifupi hakuna dawa. Ungetuambia mwanzo tukalale.

#15 Ngarawa Mbili

Subiri mkuu, nyama iko chini ya sufuria.

Marekani tena. Watu 9,361 wenye presha, wa miaka 50 kwenda juu. Nusu wakashushwa namba ya juu mpaka chini ya 140, nusu chini ya 120. Baadhi walipigwa MRI mwanzoni na tena baada ya kama miaka minne. Zile alama nyeupe ziliendelea kukua kwa wote, hakuna aliyepona. Ila kwa walioshushwa zaidi ziliongezeka kwa sentimita 0.92 za ujazo, na kwa wengine 1.45. Chukua kijiko cha chai mkononi ufikirie tofauti hiyo ni sehemu ndogo tu ya kijiko. Lakini ni ubongo huo, siyo sukari.

Hilo bado ni la hospitali kubwa. Lililonisimamisha ni la China, majibu yake yametoka 2025. Vijiji 326, watu 33,995 wenye presha, miaka 40 kwenda juu. Kwenye nusu ya vijiji, presha haikusimamiwa na mabingwa. Ilisimamiwa na waganga wa kijiji (si wa kienyeji), watu wa mafunzo mafupi wanaokaa hapo hapo, walioelekezwa namna ya kupima, kuanzisha dawa za kawaida na kuongeza hatua kwa hatua mpaka presha iwe chini ya 130 kwa 80, huku mabingwa wakiwasimamia kwa mbali. Baada ya miaka minne, waliopata ugonjwa wa kupungua akili walikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko vijiji vingine.

Hakuna mashine mpya hapo. Mkanda wa kupimia, vidonge, na mtu anayekuja mlangoni. Kipara, hiyo ndiyo dawa niliyoipata baada ya kusoma miezi mitano, na nusu yake iko kwenye zahanati ya kijiji chako.

#16 Chumba cha Giza

Nikuvute shati kidogo. Ile ya Marekani ya 120 haikuchukua watu waliokwisha kupata kiharusi, wala wenye kisukari. Mzee wako kiharusi kimeshamgusa. Usije ukachukua namba ya 120 ukaanza kumshindilia vidonge.

#17 Zamu ya Usiku

Sahihi kabisa, na asante kwa kulisema. Kwa watu wa vidimbwi waliokwisha kupata kiharusi kuna lile lile jaribio la watu 3,020. Lilikuwa na sehemu ya pili, kushusha namba ya juu chini ya 130. Viharusi kwa ujumla vilipungua kidogo, kiasi ambacho hesabu haikuthibitisha, lakini kuvuja damu ndani ya ubongo kulipungua kwa asilimia 63. Kwa hiyo chini ya 130 ndiyo namba tunayoilenga, taratibu, na kwa mzee unampima na akiwa amesimama pia. Mzee mwenye hatua fupi ukimshusha ghafla, akiinuka usiku kwenda msalani anaanguka anavunja nyonga. Nimewapokea wengi.

#18 Ngarawa Mbili

Nimeelewa. Na hapo kwenye presha ndipo kwenye dhambi yetu.

Mzee aligundulika na presha miaka tisa iliyopita. Akapewa amlodipini. Akanywa miezi mitatu, akaenda kupima kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, akakutwa 128 kwa 80. Mhudumu akamwambia, "Hongera mzee, umepona, acha dawa." Akaacha. Miaka minane hakuna aliyempima tena. Hakuwa na kichwa kinachouma, hakuwa na kizunguzungu, alikuwa anabeba tenga la ng'onda begani. Ile 128 ilikuwa kazi ya kidonge, na sisi tukamfukuza mfanyakazi kwa sababu kazi imefanyika.

Simlaumu yule mhudumu peke yake. Mimi nilikuwepo. Nilifurahi kwamba gharama imepungua.

#19 Bint Nanguruwe

Hii ya "umepona acha dawa" ipo kila mahali. Mama mdogo wangu hivyo hivyo. Halafu mwingine anakunywa siku anayojisikia vibaya tu, kama Panadol.

#20 Mpishi wa Ming'oko

Na hiyo ng'onda yenyewe? Sijasikia mtu akigusa. Mzee ametia chumvi samaki maisha yake yote na amewala pia. Kusini hapa mtu anakula ugali wa muhogo na kipande cha papa wa chumvi, na bado mkono unaenda kwenye kopo la chumvi kabla ulimi haujaonja.

#21 Zamu ya Usiku

Umegusa penyewe. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hiyo ni jumla ya vyote vilivyomo kwenye mkate, mchuzi na samaki. Ng'onda aloweke usiku kucha, amwage maji, aloweke tena, na mchuzi wenyewe usitiwe chumvi nyingine.

China hiyo hiyo, vijiji 600, walibadilisha chumvi ya kupikia ikawa robo yake ni chumvi ya potasiamu, kwa watu karibu 21,000, wengi wao waliokwisha kupata kiharusi. Majibu ya 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse chumvi hiyo bila kuuliza.

#22 Kipara wa Newala

Nimerudi. Sikulala. Nimempima mama leo kwa mashine ya jirani, 178 kwa 96, na amekaa anapukuchua mahindi anaimba. Naanzia wapi?

#23 Zamu ya Usiku

Usiogope na usimpe dawa ya jirani. Apumzike dakika tano, asiwe ametoka kunywa chai ya rangi wala kupanda mlima, mkono uwe mezani usawa wa moyo, miguu chini, asiongee wala kuimba (anisamehe). Pima mara mbili. Andika asubuhi na jioni siku kadhaa, kisha mpeleke na karatasi hiyo. Hapo kwenye zahanati wana pa kuanzia. Ila akipata mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, usisubiri karatasi, ni siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo.

#24 Msomaji Kimya

Nina swali kwa wataalamu. Hizi tafiti ni China, Marekani, Uskoti. Kwetu je?

#25 Chumba cha Giza

Upo mmoja wa Dar na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, majibu yake yalitoka 2010. Walihesabu viharusi vipya kwa miaka mitatu. Wakisawazisha umri, Hai ni kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar kama 316. Hiyo ya Dar iliwashtua watu duniani, ilikuwa juu kuliko nchi nyingi tajiri. Hai tena walipima wazee wa miaka 70 kwenda juu, wakakuta asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupungua akili. Wazee wa Kilimanjaro wamehesabiwa, wa Mikindani hawamo kwenye namba hizo. Mimi ningependa siku moja mtu aje na daftari na mkanda wa presha, atembee kutoka Msimbati mpaka Kilwa. Hata bila MRI.

#26 Korosho Gredi Wani

Akifika aulizie na uraka, ile pombe ya mabibo, na hiyo imo kwenye presha. Mnajifanya hamuoni.

#27 Mtu Mzima Ovyo

Basi nimekubali. Nilikuja kubishana, nimeondoka na kazi. Baba mkubwa wangu Nachingwea tunamwambiaga kila siku "mzee changamka, changamka." Kumbe.

#28 Ngarawa Mbili

Mrejesho, maana mnaniuliza huku ndani.

Ni mwezi wa sita sasa. Tuna mashine ya mkononi, tulichanga ndugu watano. Mama haandiki vizuri, kwa hiyo mwanangu wa darasa la nne ndiye katibu, ana daftari lake la mistari, asubuhi kabla ya shule na jioni. Juma lililopita namba ya juu haikuvuka 132. Dawa ni mbili, amlodipini na losatani, anameza na uji. Ng'onda ameloweka mwenyewe, akaonja, akauliza kama tumempikia mgonjwa.

Hajarudi kuwa yule wa zamani na daktari alituambia tusitegemee. Ndala bado zinaburuzika, tumemnunulia viatu vya kufunga nyuma ili asijikwae, na tumeweka taa njia ya msalani. Lakini hajashuka zaidi ya pale alipokuwa. Kilichobadilika zaidi ni sisi. Nikimwamkia sasa nasubiri. Nahesabu kimoyomoyo, nafika nne, tano, marahaba inakuja. Zamani nilikuwa nimeshapita.

Jana jioni nilimsomea uzi huu wote barazani, na majina yenu ya ajabu. Alisikiliza ameangalia chini. Nilipomaliza hakusema kitu. Nikajua amechoka, tukaendelea na mazungumzo mengine, ada ya shule, bati la jikoni linalovuja, mambo ya nyumbani. Chai ikanywewa ikaisha. Mama akainuka kutoa vikombe.

Mzee akasema, "Hukuandika puju."

Nikamuuliza, "Puju gani, baba?"

"Kwenye samaki," akasema. "Puju nilimtaja. Pale kwenye bajaji. Tulipokata kona."

Kwa hiyo ni ishirini wakuu. Nimekosea kuhesabu.